Koti la Bingwa na Shingo ya Shemeji

Chumba cha Msimamizi,
Nyuma ya Ghala la Mbao.
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa Baba Mdogo,

Dai langu ni hili, nami nalitanguliza ili usije ukasema nilikuvizia: zawadi anayopewa mfanyakazi mmoja huku wenzake wakimtazama si motisha, ni silaha, na biashara ndogo kama yetu, isiyo na ubavu wa kulipa mishahara minono, inaweza kuwatunza watu wake wote kwa gharama ndogo kuliko ile ya kuwagombanisha. Nitalitetea dai hili hadi mstari wa mwisho. Nawe, kwa kuwa ndiwe mwenye karakana, utalijibu.

Sasa naomba radhi kwa kukukabili kabla ya kukuamkia. Shikamoo, Baba Mdogo. Baridi ya huko inasemaje? Na mgongo je? Mara ya mwisho tulipoongea ulikuwa husimami bila kushika meza, na Mama Mdogo alikuwa nyuma yako akicheka kwamba ameolewa na kijana akaletewa babu. Natumaini dawa zimekukubali na usingizi umerudi.

Sisi huku tunapumua. Bibi yu mzima kabisa: anasikia anachotaka kusikia, na kila siku anaituhumu chumvi kwamba haina chumvi. Baba anakusalimu, anasema umemsahau. Mimi nina mshono kwenye kiganja cha kushoto, ndiyo maana utaona karatasi imeteleza hapa na pale. Mkono wa kuishikilia umefungwa bendeji. Sababu ya mshono huo ndiyo sababu ya barua hii.

Pamoja na barua utakuta kifurushi. Nakuomba usikifungue bado. Maliza kwanza kusoma.

Unalikumbuka koti? Ulilituma mwanzoni mwa mwaka, la ngozi nyekundu, neno BINGWA limedariziwa mgongoni kwa uzi wa dhahabu. Agizo lako lilikuwa jepesi. Kila fundi ana chuma chake cha kupigia alama, kama ilivyokuwa tangu Babu alipofungua karakana. Kila kiti, meza na kitanda hupigwa alama hiyo kwa moto upande wa chini, mahali ambapo mteja haangalii. Ukasema basi, mwisho wa mwezi zihesabiwe alama, na mwenye nyingi avae koti, akae benchi la mbele penye dirisha, apokee bahasha, na kila mtu amwite Bingwa mpaka mwezi mwingine uishe. Nilikuandikia wakati ule kwamba ni kosa. Ulinijibu kwa mstari mmoja: “Wewe umesomea viti, mimi nimevitengeneza.”

Nakiri jambo moja, maana mwenye hoja haogopi kukiri. Mwezi wa kwanza kazi ilitoka kama maji ya bomba. Viti vilipangwa hadi mlangoni, na wewe ulituma kidole gumba kwenye kundi la ukoo, shangazi zangu wote wakafuata na vyao.

Kisha vita vikaanza. Patasi zilikutwa zimevunjwa makali. Gundi ikatiwa maji, viungo vikaachia. Mtu ambaye hadi leo hajajitaja alipigilia msumari ndani ya ubao uliokuwa ukisubiri mashine ya kupigia randa. Kisu cha mashine kilipougonga kilipasuka, kipande kikaruka na kumchana fundi wa vitanda juu kidogo ya jicho. Alifunga kitambaa kichwani akaendelea na kazi huku damu ikimdondokea kwenye ubao, kwa sababu angekwenda zahanati angepitwa kitanda kimoja. Kitanda hicho kiliuzwa, Baba Mdogo. Mama Vanishi, yule dada anayepaka rangi, alikipaka mkono wa ziada wa vanishi ili doa lisionekane. Kuna watu wanalala juu yake.

Zamani saa ya chakula wote walizunguka meza ya msumeno mkubwa, wakanyang'anyana pilipili na kutaniana wake na waume. Baada ya koti, kila mmoja alikula akiwa ameugeukia ukuta, sanduku la vifaa likiwa katikati ya miguu yake. Nimesoma vitabu vingi juu ya kazi na wafanyakazi, lakini hakuna ukurasa ulionieleza kwa ufasaha kama migongo ile.

Nije kwa watu wawili unaowajua. Kinyozi, unayempenda kwa sababu ananyoa ubao hadi unang'aa kama kichwa cha mtoto. Na Bwana Harusi, ambaye huja kazini amenyoosha shati na kutoka bila vumbi, Mungu ndiye anajua anafanyaje. Umewaacha wakifanya kazi benchi moja, mmoja upande huu wa msumeno na mwingine upande ule. Ulikuwapo Kinyozi alipomwoa dada wa Bwana Harusi. Ulikula kwenye harusi ile. Ni mashemeji, na kabla ya koti walikuwa marafiki.

Mwezi uliopita Kinyozi alikuwa akiongoza. Alhamisi ya mwisho ya mwezi huo, mchana, tulikuwa na seti ya viti vya kulia chakula vimegeuzwa miguu juu, vikisubiri gari la mteja. Kinyozi alipita, akakipapasa kimoja upande wa chini wa kikalio, akasimama. Mkono wake ulikuwa umehisi bonde dogo, mahali ambapo randa ilikuwa imekula mbao. Alama yake, ambayo ni nyota, haikuwapo. Ndani ya bonde hilo palikuwa na pete, alama ya shemeji yake, bado inanuka moshi.

Akageuza cha pili. Pete. Akageuza cha tatu. Pete.

“Shemeji,” akaita kwa sauti ya kawaida kabisa, “hivi viti nani kavitengeneza?”

“Si alama ipo? Au vumbi limekuingia machoni?”

“Nimeiona alama. Nimeiona na randa iliyopita chini yake.”

“Basi kamshtakie dada yangu,” akasema Bwana Harusi, bado anapiga msasa, hata kichwa hakukiinua. “Akufute machozi. Kazi hiyo anaiweza.”

Fundi wa vitanda alicheka. Nadhani kama asingecheka, tungeishia kwenye matusi. Kinyozi alichukua mguu wa kiti uliokuwa bado haujafungwa, mti mgumu, akampiga nao shemeji yake chini ya taya. Nilisikia mfupa. Nilikuwa mlangoni kwangu na nilisikia mfupa, juu ya kelele ya msumeno. Bwana Harusi alitema jino kwenye maranda, kisha lingine, akawa anayatazama kama mtu aliyedondosha vifungo vya shati. Kinyozi akampiga tena, begani, na tena, mgongoni, akihesabu kwa sauti: “Kiti changu! Na hiki changu! Na hiki!” Kila kiti pigo lake. Nilikimbia, lakini kati yangu na wao kulikuwa na viti ambavyo tulivirundika kwa fahari, na nilianguka juu yavyo.

Bwana Harusi alianguka karibu na jiko la mkaa ambamo vyuma vya alama hupashwa moto. Mkono wake ulipata mpini. Alipoinuka alikuwa na chuma chake, na pete ilikuwa nyekundu. Hakukitupa, wala hakukitumia kumtishia. Alimkumbatia Kinyozi kwa mkono mmoja, kama wanavyokumbatiana watu kwenye harusi, akakikandamiza shingoni mwake, chini ya sikio, na kukishikilia hapo.

Sitakueleza sauti. Harufu nitakueleza, kwa sababu bado ipo kwenye mapazia ya chumba hiki ninamokuandikia.

Mama Vanishi ndiye aliyewaachanisha. Aliwamwagia ndoo nzima ya maji ya kuoshea brashi, mvuke ukapanda kati yao, kisha akampiga Bwana Harusi kwa ndoo yenyewe, huku akipiga kelele: “Nyie mbwa! Mnauana kwa koti la joto kwenye nchi ya jua?” Chuma kikaanguka. Lakini Kinyozi alikuwa ameshika patasi. Niliukamata mkono wake, na patasi ikapita kwenye kiganja changu kabla haijamfikia Bwana Harusi. Shahada yangu, Baba Mdogo, haikunikinga. Nilivuja damu kama yeyote. Tulimlaza chini Kinyozi, watu wanne juu yake, naye alikuwa akilia, si kwa maumivu, bali kwa sababu hakufika.

Koti lilikuwa limetundikwa penye dirisha, kwenye benchi la mbele, Bingwa wa mwezi uliotangulia amelivua kwa joto, likisubiri mwisho wa mwezi. Damu ya watu wawili ililifikia hapo lilipo. Mmoja wao ni mimi.

Hospitali walimfunga Bwana Harusi taya kwa waya; anakunywa uji kwa mrija. Kinyozi wamemtibu jeraha, lakini daktari amesema kovu litabaki lilivyo. Ni duara safi. Hakuna randa itakayoiondoa alama hiyo. Polisi walikuja, na Kinyozi akakataa kumshtaki shemeji yake, kwa heshima ya mkewe. Nilikwenda kwao juzi Ijumaa. Yule dada alikuwa akimbadilishia mumewe kitambaa. Fikiria mwanamke anayeinama kila asubuhi juu ya shingo ya mume wake na kukuta pale pete ya kaka yake. Aliniuliza swali moja tu: “Hilo koti bado lipo?” Nikamwambia lipo. Akaendelea kufunga kitambaa.

Kinyozi mwenyewe alizungumza nilipokuwa nimeshika mlango. “Nitarudi kazini,” alisema, “maana sina kwingine. Nikikuta koti bado lipo, nitamaliza.” Hakufoka. Alisema kama mtu anayetaja vipimo vya dirisha. Ninamjua Kinyozi, hajawahi kukosea kipimo.

Hapo ndipo nilipokupigia simu, na hapo ndipo uliponikata kauli na kutuma ujumbe wa sauti kwenye kundi la ukoo, ili kila mtu asikie: fukuza wote wawili, koti apewe anayefuata, na bahasha iongezwe maradufu ili watu wachangamke. Ukamalizia kwamba kitabu kimenilainisha, kwamba wewe ulifunzwa kazi kwa makofi na ukawa mtu.

Anayefuata ni Mama Vanishi, kwa kuwa naye ana alama yake. Nilimpelekea ujumbe wako. Akasema: “Mwambie baba yako mdogo ahsante. Nikilivaa hilo, nitazikwa nalo.” Halafu akaongeza, na wengine wakaunga mkono, kwamba siku koti litakapovaliwa na yeyote, yeye na mafundi wote watabeba vyuma vyao na kuondoka. Karakana ya Babu itabaki na mimi, msumeno na mapazia yanayonuka.

Sasa tuijadili hoja yako ya makofi, maana ndiyo nguzo ya msimamo wako. Kidole chako kidogo cha kushoto kimepinda. Sote tunajua kwamba fundi aliyekufunza alikivunja kwa nyundo ya mbao kwa sababu ulikosea kiungo. Je, ulibaki kwake? Hukubaki. Ulitoroka hujamaliza mafunzo, na Babu akalazimika kufungua karakana hii ili mwanawe apate pa kumalizia ujana. Makofi hayakukufanya fundi. Yalimfanya fundi yule apoteze fundi. Aliyekufanya mtu ni baba aliyekupa benchi, sahani ya chakula na ruhusa ya kukosea. Nimesoma wachumi wengi wa mambo ya kazi. Wote wakiwekwa upande mmoja, kidole chako kinanitosha kuwa ushahidi.

Hoja yako ya pili, uliyoitoa mwaka jana, ni kwamba sisi si kampuni kubwa yenye kantini, bima na basi la wafanyakazi. Ni kweli. Lakini umefanya kosa ambalo wenye biashara ndogo wengi hulifanya: ukiona huwezi kutoa kikubwa kwa wote, unatoa kinachong'aa kwa mmoja. Unadhani umebana matumizi. Visu vya mashine, mbao zilizoharibika, viti vilivyorudishwa kwa kuwa viungo vimeachia, mwalimu mstaafu aliyeanguka na kiti chetu mbele ya wajukuu zake akavunjika nyonga: yote hayo ni gharama ya koti, ingawa hakuna risiti iliyoandikwa hivyo.

Ninachotaka ni vitu vidogo vidogo, na nimeshavitafutia njia. Sufuria moja ya chakula cha mchana kwa wote, kwenye meza ya msumeno, nyuso zikitazamana. Hilo ndilo la kwanza, na silibadilishi kwa lolote. Miwani ya kukinga macho kwa kila anayegusa mashine; fundi wa vitanda angali anaona kwa bahati tu, si kwa mpango wetu. Zamu ya mapumziko ijulikane mapema, mtu aweze kumwambia mkewe siku fulani nipo nyumbani, na iwe kweli. Mwenye mtoto mgonjwa aondoke bila kuomba kama mwizi.

Vipande vya mbao tunavyochoma kama taka jioni, wapewe waende navyo. Mama Vanishi anasema angevitengenezea vigoda na kuuza kwa jirani zake. Maranda nayo, ambayo leo tunamlipa mtu aje kuyatupa, wafuga kuku wanayatafuta. Tukiwauzia, kinachopatikana kiwe mfuko wa dharura wa mafundi wenyewe, wautunze wenyewe: matibabu, msiba, mtoto anapozaliwa. Yaani tungekuwa tunaacha kulipia takataka na kuanza kulipwa kwa ajili yake.

Na kama bado unataka bahasha, maana najua unapenda mambo ya bahasha, basi iwe ya karakana nzima, mwezi ambao hakuna kiti kilichorudishwa na hakuna damu iliyomwagika. Uone jinsi fundi atakavyomwazima mwenzake patasi.

Alama zibaki. Babu aliziweka ili kila mtu ajibu kwa kazi yake, si ili zihesabiwe kama vichwa vya maadui.

Sikuwafukuza wale wawili. Nimekaidi agizo lako, na ninakuandikia hivyo waziwazi ili usiyasikie kwa shangazi. Bwana Harusi alikuja jana, taya imefungwa, akaandika kwa kidole kwenye vumbi la benchi: “Shemeji anataka niende kwake nimwombe radhi?” Nikamwambia asubiri jibu lako, kwa sababu msamaha hautakaa katika chumba chenye koti lile. Kinyozi anarudi Jumatatu ya tarehe 17. Kwa hiyo jibu lako ndilo litakaloamua nani atakuwa hai Jumanne.

Na sasa fungua kifurushi. Ni koti. Sikulifua. Utaliona doa kwenye kola, na neno BINGWA limekuwa gumu pale damu ilipokaukia. Mimi silihitaji, mafundi hawalitaki, na ni lako.

Nisalimie sana Mama Mdogo, mwambie kitambaa alichomtumia Bibi kimekwisha kushonwa na Bibi analala nacho asiibiwe. Wasalimie wadogo zangu wote wawili, mkubwa aache kulala darasani na mdogo aendelee kumsumbua mkubwa. Shangazi anakusalimu, Baba anakusalimu, na Mama Vanishi, kwa namna yake, anakusalimu. Mungu akuponye mgongo, akuzidishie maisha marefu yenye afya, akurudishe kwetu ukiwa na nguvu za kushika randa.

Lakini jibu lako usiniandikie mimi. Ulinishutumu mbele ya ukoo mzima. Utanijibu mbele ya ukoo na mafundi. Jumamosi hii mchana nitaiweka simu kwenye benchi la mbele, penye dirisha, na wote watakuwa wamekaa, Kinyozi upande mmoja na Bwana Harusi upande mwingine. Piga simu ya picha. Ikiwa bado unaamini kwamba koti hilo linamfanya mtu afanye kazi, livae wewe, doa likiwa mbele yetu, na utuambie hivyo huku ukiitazama shingo ya Kinyozi. Ikiwa huwezi kulivaa, tamka mbele yetu sote kwamba limekwisha.

Ni mimi mwanao, nikupendaye hata ninapokukaidi,

Msimamizi wa karakana yako.